Ripea kiti bandia za kabureta za boti: wauzaji wa spea, mnacheza na roho za watu

Ndugu zangu wenye boti, manahodha na mafundi wa mashine, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Ripea kiti (seti ya spea ndogo za kukarabatia) ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, niliyouziwa Kariakoo kwa bei ya spea halisi, ikiwa ndani ya boksi lenye nembo ya mtengenezaji, ni bandia kuanzia jeti (kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli kwa kipimo) hadi gasketi. Muuzaji aliyetuapia, mimi na fundi wangu, kwamba hiyo ni mali halisi, leo ananionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Mashine yenyewe ni Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, silinda mbili, mipigo miwili, aina ambayo wavuvi wa pwani yetu wanaifahamu vizuri. Ni ya zamani, lakini kompresheni ya silinda zote mbili iko sawa na plagi zinatoa cheche safi. Ugonjwa ulikuwa kwenye kabureta peke yake. Boti ilipumzishwa ufukweni wakati wa kusi kali, petroli iliyobaki ndani ya bakuli la kabureta ikakauka na kuacha utando wa kahawia unaonata kama ulimbo wa fenesi, na chumvi nayo ikaishambulia shaba ya jeti ndogo hadi ikaota kutu ya kijani. Kabureta ikifika hapo inafunguliwa yote, inaoshwa, na vinavyochakaa vinabadilishwa.

Fundi wangu ni mtu makini. Hachokonoi jeti kwa waya, maana waya hukwangua shaba na kupanua tundu. Yeye hulowesha, kisha hupuliza kwa upepo wa kompresa. Kabla ya kuifunga jeti kubwa mpya aliishika sambamba na ile ya zamani, akazielekeza zote mbili kwenye jua. Namba zilizogongwa usoni ni zile zile, lakini tundu la ile mpya lilikuwa jembamba zaidi. Ili tusihukumu kwa macho tu, alichukua keekee nyembamba na kupitisha shina lake: kwenye jeti ya zamani lilipita bila kulazimishwa, kwenye ile mpya likagoma mlangoni. Ukingo wa ndani ulikuwa bado na mabaki ya shaba yaliyoachwa na mashine iliyoutoboa.

Kwa asiyejua mashine hizi, hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Sisi tunachanganya lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na oili hiyo haina njia nyingine ya kufika kwenye pistoni isipokuwa kupitia kabureta, ikiwa ndani ya petroli ile ile. Tundu la jeti likiwa jembamba kuliko inavyotakiwa, silinda inapata hewa nyingi na petroli kidogo, joto linapanda, na wakati huo huo oili ya kulainisha inapungua. Mashine itawaka vizuri tu pale ufukweni, na nahodha atadhani kazi imekwisha. Itakapobeba mzigo na kufunguliwa moto wote ndipo pistoni itakaposhika. Kwa sisi, mashine kunoki maana yake ni kunoki baharini katikati ya Kilindoni kisiwani Mafia na Nyamisati ya bara, mkondo ukivuta na watu wakiwa ndani ya boti.

Sindano ya boya, inayosukumwa na boya linaloelea ndani ya bakuli ili kufunga petroli, nayo ni balaa la upande wa pili. Ncha yake inapaswa kuwa na mpira unaostahimili petroli, ili bakuli likijaa iketi barabara kwenye kiti chake na kuziba. Hii tuliyouziwa ina mpira mgumu uliokaa upande, na tulipoiminya pampu ya mkono, petroli iliendelea kuchuruzika kutoka kwenye kabureta hadi chini ya kifuniko cha mashine, mahali penye nyaya za umeme na cheche. Boya tulikwisha kulipima kimo chake kwa venia (kifaa cha kupimia vipimo vidogo) huku kabureta ikiwa imepinduliwa, kwa hiyo asije mtu akaniambia tatizo lilikuwa ni boya. Gasketi ya bakuli tuliilaza ndani ya kikombe cha petroli usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imevimba na matundu yake hayalingani tena na ya skrubu.

Utetezi wa muuzaji ni kwamba mashine zetu ni za zamani na spea zake halisi hazipatikani tena. Huo ni uongo. Mashine za jamii hii bado zinauzwa zikiwa mpya, na msimbo wa modeli umeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa kwenye mabano yanayoishikilia mashine kwenye boti; muuzaji mwenye nia njema anausoma msimbo huo, anatafuta namba ya spea kwenye katalogi, kisha anauza. Wala sisemi kila kopi ni haramu. Asiye na uwezo wa kununua halisi ana haki ya kununua kopi, mradi aambiwe kuwa ni kopi, alipe bei ya kopi, na aamue mwenyewe ataifunga wapi. Kuitia kopi ndani ya boksi la mtu mwingine na kudai bei ya mwenye boksi ni udanganyifu, na Sheria ya Alama za Bidhaa imekuwapo tangu mwaka 1963.

Boksi, risiti, jeti zote mbili na ile gasketi iliyovimba nimevihifadhi, na ninavipeleka Tume ya Ushindani. Ambaye ameuziwa kitu cha namna hii asikitupe: apige picha ya namba iliyogongwa kwenye jeti na ya maandishi ya boksi, aziweke hapa, kisha naye apeleke malalamiko yake. Mimi jeti ya zamani imesafishika na imerudi mahali pake, lakini sindano ya zamani imelika na kuacha mfereji kuzunguka ncha, haifai. Mwenye sindano halisi pamoja na kiti chake, au anayejua duka linalouza kwa kufuata msimbo wa modeli, aniandikie, kwa sababu boti haitashuka majini hadi nizipate.