Akaunti yangu ya poka imekaushwa usiku nikilala. Waliingilia wapi?

KarataKahawa
Wadau, nisikilizeni kwanza, mtanicheka baadaye. Mchana naandikia watu kazi mtandaoni, usiku watoto wakilala nacheza poka, Texas hold'em, meza ndogo ambazo dau la kuanzia ni senti 5 na 10 za dola. Nilianza na dola 20 mwezi wa pili na sijaongeza hata ndururu. Kufikia juzi Ijumaa nilikuwa na dola 412, karibu elfu 53 za kwetu. Kila dola naijua ilikotoka, kama mfugaji na ng'ombe wake.

Leo nimetoka kanisani nikafungua: dola 3 na senti 10.

Nikasema basi, tovuti imenila. Kisha nikapekua kumbukumbu za michezo. Saa tisa na dakika kumi usiku, nikiwa nakoroma hapa Kahawa West, "mimi" nilikaa kwenye meza ya watu wawili, ya senti 50 na dola 1, meza ambayo sijawahi hata kuichungulia. Dakika 25, mpinzani mmoja tu. Kuna raundi nilipewa esi mbili (mjomba wangu wa Mombasa huziita ree), karata kali kuliko zote za kuanzia, nikapandisha dau mpaka nusu ya pesa ikawa mezani, yule akaongeza kidogo tu, nami nikatupa karata. Esi mbili! Hata mtu anayejifunza leo hawezi.

Neno langu la siri ni refu na lina tarakimu. Simu ninayo, laini inafanya kazi. Sasa waliingilia wapi? Na pesa zaweza kurudi? Mama watoto hajui hata kwamba akaunti hiyo ipo.

FundiLuthuli
Pole kaka. Hapo kwenye esi hakuna ujinga, pesa ilikuwa inasafirishwa. Mwizi akijaribu kutoa pesa moja kwa moja atakwama, maana tovuti nyingi huzirudisha kule kule ulikozitoa, kwa jina lako. Kwa hiyo anacheza kwa akaunti yako, na upande wa pili wa meza yuko mwenzake au yeye mwenyewe na akaunti nyingine. Unashindwa makusudi, pesa inahama kana kwamba ni mchezo. Lakini kila karata imeandikwa, na ndipo tunapowashika. Waandikie huduma kwa wateja SASA, usimalize hata kusoma hapa. Wape nambari za raundi, saa na jina la aliyeshinda. Wakimfungia kabla hajatoa, kuna cha kurudisha.

Halafu nijibu mawili. Ulipata barua pepe ya kusema kifaa kipya kimeingia? Na hilo neno refu umelitumia wapi kwingine?

KarataKahawa
Nimeshawaandikia. Barua sikupata yoyote. Neno lenyewe... natumia hilo hilo kwenye barua pepe. Na tovuti moja ya zamani ya kubeti mpira. Na akaunti ya mtoto ya masomo. Usiseme kitu.

Babu_wa_Limuru
Elfu 53 ni mbuzi watano. Na mbuzi hadukuliwi.

FundiLuthuli
Sisemi. Fungua barua pepe kwa kompyuta, ingia kwenye mipangilio, tafuta vichujio. Soma kimoja kimoja.

KarataKahawa
Yesu wangu. Kuna kichujio sikukiweka mimi. Barua yoyote kutoka tovuti ya poka inatupwa moja kwa moja. Nimeenda kwenye pipa la taka nikakuta barua tano. Ya kwanza ni ya Alhamisi: "Kifaa kipya kimeingia." Zilizobaki ni nambari za uthibitisho. Yaani tovuti ilikuwa ikinipigia kelele siku tatu mfululizo na mtu amenizibia masikio.

FundiLuthuli
Basi mlango ni huo, barua pepe. Tovuti moja kati ya hizo zako ilivujisha orodha ya wateja, orodha ikauzwa, kisha programu ikaanza kujaribu anwani yako na neno lako kila mahali. Wala hakuna aliyekuchagua wewe. Weka anwani yako kwenye tovuti ya Have I Been Pwned uone imetajwa katika mivujo gani. Urefu wa neno haukusaidii likishavuja, na nambari ya uthibitisho ikitumwa kwa barua pepe iliyotekwa, anayeipokea ni mwizi.

Usianze na poka. Anza na barua pepe: neno jipya lisilotumika kwingine, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, futa kichujio, kagua kama kuna anwani inayotumiwa nakala za barua zako, na kama nambari ya simu ya kurejesha akaunti bado ni yako. Poka iwe ya pili. Kote weka programu ya simu inayotoa nambari za muda, usitegemee SMS. Hapa dukani huletewa simu "imekataa mtandao", naifungua haina ubovu wowote. Laini ndiyo imehamishiwa kadi nyingine na mwenye simu bado analaumu betri. Ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

MzeeWaMeza
Niongeze moja. Kijana, umewahi kusakinisha chochote cha kukusaidia kucheza? Mwizi wako ana pupa, amebeba vyote kwa usiku mmoja. Kuna mvumilivu, huyo hagusi akaunti, anatazama karata zako tu huku akicheza dhidi yako. Mwaka 2013, Jens Kyllönen, Mfini aliyekuwa akicheza meza kubwa, alikuwa kwenye mashindano Barcelona. Laptopu yake ikatoweka chumbani hotelini, kisha ikarudi. Aliipeleka kwa F-Secure, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakakuta imewekwa programu ya kumwonyesha mtu mwingine skrini yake. Mwaka 2015 ESET, kampuni nyingine kama hiyo, nao wakaeleza kuhusu Odlanor, programu ya kijasusi iliyokuwa ikipiga picha skrini za wachezaji wa tovuti za poka za PokerStars na Full Tilt. Baadhi yao waliipata ndani ya vikokotoo vya poka (programu za kupiga hesabu ya uwezekano wa kushinda) walivyopakua wenyewe. Ukiwa na hiyo, hata ubadilishe maneno ya siri mia, utaendelea kushindwa na kusema ni bahati mbaya.

KarataKahawa
Mzee, kuna kikokotoo. Nilikitoa kwenye kundi la Telegram, bure. Laptopu nimeizima, sasa naandika kwa simu.

FundiLuthuli
Iache ikiwa imezimwa. Hiyo ni kusafisha diski yote na kuweka mfumo upya, kufuta kikokotoo peke yake hakutoshi. Na yale maneno mapya, kama uliyaandika kwenye hiyo laptopu, yabadilishe tena kwa simu.

MamaHesabu
Swali la mtu wa makaratasi: hiyo akaunti iko kwa majina ya kitambulisho? Maana kabla ya kukurudishia chochote watataka kujua wewe ni nani. Nimeona vijana wakipoteza haki yao kwa sababu walijisajili kwa jina la utani.

KarataKahawa
Majina ni yangu Mama, hapo angalau nilifanya vizuri.

Jumanne, habari mpya: wamejibu. Aliyeshinda wamemfungia, ndani kuna dola 260 hajazitoa. Watazirudisha wakimaliza uchunguzi, ila nitume kitambulisho, picha yangu nikikishika, na karatasi inayoonyesha ninapoishi. Kitambulisho na picha nimetuma. Taarifa ya benki ina sanduku la posta la kijijini, wameikataa. Nyumba zetu hazina nambari, barabara yenyewe haina jina. Karatasi pekee yenye jina la ploti ni bili ya maji, nayo iko kwa jina la mama watoto. Nimewauliza, wanaikubali, mradi iambatane na barua yenye sahihi yake.

Yuko jikoni anasonga ugali. Nasubiri kwanza ale.