Tupeane uzoefu: Ulikuwa unaamini nini sonona ilipokukuta chuoni?

Wakuu, nianze mimi. Mwaka wa pili nilijiwekea sheria kichwani: nikifeli hata somo moja, mimi si kitu. Hakuna aliyenifundisha hiyo. Nikapata sapu moja tu, yaani mtihani wa marudio, nikaacha kuoga, nikaacha kupokea simu za mama. Miezi mitatu hivyo.

Mshauri nasaha alinisimulia habari za Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani. Miaka ya 1960 huyu aligundua kuwa wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo mabaya ya aina tatu: kuhusu wao wenyewe, kuhusu dunia, na kuhusu kesho yao. Nikaambiwa niandike mawazo yangu kwa wiki nzima. Yote yaliangukia humohumo! Mengine, nikiyasoma daftarini, niliona hata aibu. Mengine yalibaki yananichoma vilevile.

Wewe je?

Mja wa Mola: Niliamini mwenye imani ya kweli hapati sonona. Kwa hiyo kila nikishindwa kuamka kusali, najihesabu mnafiki. Ugonjwa mmoja, mizigo miwili. Aliyenitua ni kiongozi wangu wa dini: "Nenda hospitali, na sala usiache." Dawa zilichukua wiki kadhaa kunikolea, usiku wa wiki hizo nilivushwa na sala zilezile.

Kimyakimya: Mwanaume halii. Nikawa nakunywa.

Bundi: Mleta mada, hapa nakupinga kidogo. Kwangu usingizi ndio ulitangulia kuondoka, ikafuata hamu ya kula, ndipo nikaanza kujiona mzigo kwa watu. Nilipotibiwa, mawazo yale yalipungua yenyewe. Mtu akinikuta kitandani na kuniambia nibadili mtazamo, alikuwa ananiongezea kosa la kujilaumu.

Mleta mada: Kweli Bundi. Hata mimi "fikiria mazuri" iliniumiza kuliko ile sapu. Daftari lilinisaidia kwa sababu kulikuwa na mtu wa kulisoma pamoja nami.

Mgeni wa leo: Nilikuwa nasoma tu. Yangu ni "wenzangu wote wamefika, nimebaki mimi". Wiki ya tatu sasa sijaingia darasani, na hakuna kinachonifurahisha.

Mleta mada: Ndugu yangu, wiki mbili mfululizo katika hali hiyo zinatosha kwenda kumwona daktari. Nimekuandikia inbox. Jibu hata kwa neno moja.

Mgeni wa leo: Nimeiona.