Mashua imekwama Kilifi tangu Aprili, niipeleke Lamu na kusi hili au nisubiri?

Mtu wa Matondoni, 27 Mei 2020

Asalam aleikum jamani, na Idi njema japo imeshapita. Nina mashua ya futi 32, ya tanga, na mashini ndogo ya kusaidia mlangoni mwa bandari. Tulishuka nayo na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuleta vitanda vya kuchonga, tukasema tukimaliza tutangoja kusi, upepo wa kutoka kusini, lianze turudi nyumbani Matondoni, Lamu. Ndio tarehe 8 Aprili wakafunga Kilifi, Kwale na Mombasa kwa ajili ya korona, hakuna kutoka hakuna kuingia, na sisi watu wanne tumo ndani. Ramadhani yote tumefungia mchangani, Idi tumeswali wenyewe kando ya mashua, sasa hata pesa ya unga imekwisha.

Kuna watu hapa wananambia bahari haina geti, toka usiku asubuhi uko kwenu. Mimi moyo wanivuta kusema kweli, lakini naogopa mambo mawili. La kwanza kafyu, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. La pili mamangu, ana miaka 71 na ana pumu, na nyumba yetu ni ile ya mlango mmoja, choo kimoja. Nikimpelekea ugonjwa huu sitajisamehe. Nyinyi mnaojua njia hii kwa msimu huu, mwanishauri nini?

Jodari wa Watamu

Pole sana ndugu yangu. Mimi navua huku, na nakwambia watu wanaopita usiku wanaonekana. Juzi mashua imeshusha watu saa nane usiku kijiji cha jirani, hakuna aliyejua wametoka wapi, asubuhi kijiji kizima kina hofu na wazee hawataki hata kwenda kisimani. Hao waliokwambia bahari haina geti hawakufikiria wenye pwani. Nenda kwa BMU ya hapo Kilifi, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ujiandikishe, wewe na watu wako, majina na siku mliyofika, angalau ikifika siku ya kutoka iwe kuna mtu anayekujua.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, nimeenda njia hiyo zaidi ya miaka thelathini, nisikize. Weka korona kando kwanza tupige hesabu ya bahari. Kilifi mpaka mlango wa Lamu ni kama maili 100 za bahari. Mashua yako na kusi nyuma itakwenda maili tano, sita kwa saa, hiyo ni saa kumi na saba mpaka ishirini. Mchana ulioruhusiwa una saa kumi na nne. Kwa hiyo mkupuo mmoja huwezi bila kuvunja kafyu, na ukivunja utakuwa Ghuba ya Ungwana usiku wa kiza, kusi lakusukuma kwenye nchi, maji mafupi yana matope ya Sabaki na Tana, mawimbi yavunja mbali na ufuo. Pale watu wazima wamepotea. Usihesabu kujificha Kipini, mlango wa mto Tana pale kwa kusi ni mbaya.

Njia ni siku mbili. Siku ya kwanza Kilifi mpaka Ngomeni, maili 45 hivi, utie nanga nyuma ya ras umelala salama, na Ngomeni bado ni kaunti ya Kilifi kwa hiyo hujavuka mpaka wa mtu. Siku ya pili maili 60 mpaka Lamu, uondoke mara kafyu inapoisha. Lakini ungoje ruhusa. Amri ni ya kuingia na kutoka kaunti, na ukishikwa chombo chaweza kuzuiwa, utawalisha nini hao watatu?

Na nikuulize, mashua iko majini au mliipandisha? Kama imekaa juu wiki saba na jua hili, mbao zimekauka na pamba ya kuziba mianya imelegea. Itie majini siku mbili tatu kabla, iache inywe maji mbao zivimbe, kalafati upya, yaani ziba kwa pamba, palipofunguka. Usije ukajua iko wazi ukiwa Ungwana.

Bint Shela

Kaka, kuhusu mama. Mimi nafanya kazi zahanati. Mkifika msiteremke. Tieni nanga mbali kidogo na gati, mkae chomboni siku 14 tangu siku ya mwisho mliyokaribiana na mtu wa nje. Ndani ya mashua barakoa haiwasaidii sana, mnalala bega kwa bega na barakoa ikirowa chumvi haifai tena, nyinyi wanne ni nyumba moja. Hatari ni ngazi na gati. Mtu wa kuleta chakula akiweke kwenye hori, ule mtumbwi mdogo, arudi nyuma, ndio mchukue.

Maji ya kunywa pigeni lita nne kwa mtu kwa siku, watu wanne siku 14 ni lita 224, mitungi kumi na miwili ya lita 20. Sabuni ya mche haitoi povu kwa maji ya chumvi, chukueni ya maji ya kuoshea vyombo. Na mama awe na dawa yake ya pumu ya kutosha kabla hamjafika.

Nahodha Mstaafu, 6 Juni

Mwanangu umesikia? Kilifi na Kwale wanafungua kesho alfajiri, Mombasa bado. Kafyu sasa ni saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri. Usikimbilie kesho lakini! Mwezi umejaa jana, ni bamvua, maji yajaa na kupwa sana, maji yakipwa mlangoni yakapigana na kusi utajuta. Ngoja maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, tarehe 12 au 13.

Mtu wa Matondoni, 14 Juni

Alhamdulillahi tumefika. Tuliondoka Kilifi tarehe 12, saa nane mchana tuko Ngomeni. Ami, maneno yako ya kalafati Mungu akulipe. Tuliitia majini siku nne na bado ubao wa tatu upande wa demani, usiopigwa na upepo, ulikuwa ukitoa maji kama jasho, kijana wetu mdogo amefua maji ndoo kwa ndoo toka Ngomeni mpaka tulipoona minara ya Shela. Ungwana tulikaa mbali na nchi kama ulivyosema na bado tulirowa sote.

Sasa tumetia nanga mbele ya Matondoni, leo ni siku ya pili. Tumejihesabia 14 tangu Ngomeni kwa sababu pale tulinunua samaki. Mama aliletwa pwani jana magharibi, akakaa kwenye kiti juu ya mchanga, tukapigiana simu huku twaonana. Aliuliza kama tumekula. Leo ametuma hori na wali wa nazi na mitungi minne ya maji.