Gumzo la ukoo: kilomita 14 za kabla ya Mafinga

Kaka, saa 1:05 usiku
Shikamooni wazee wangu, na habari za jioni kwenu nyote. Tumefika Mafinga salama, lakini naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu lipo jambo linalohusu ahadi zenu za kuichangia wodi ya watoto njiti kwa kila kilomita ninayoendesha baiskeli. Asubuhi tuliondoka Iringa kukiwa na manyunyu tu. Tulipopita Ifunda mvua ikashika kasi, upepo ukawa wa mbisho, na ukungu ukatanda hata malori yaliyotoka upande wa Makambako tukawa tunayasikia kabla ya kuyaona. Zikiwa zimebaki kilomita 14, vidole viliacha kunitii: nilikuwa nauona mkono wangu umeshika breki, lakini sikujua kama unabana au haubani. Nilisimama kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma, na mama mwenye kibanda akanimiminia chai ya tangawizi. Nilipokishika kikombe kilitetemeka hadi chai ikamwagika, ndipo akanishikia mwenyewe nikanywa. Dereva wa gari letu la mizigo akaniambia nipande, nami nikapanda. Kwa hiyo, Baba, naomba kilomita hizo 14 usiziandike kwenye daftari.

Mama, saa 1:11 usiku
Pole sana mwanangu. Kwanza niambie kama umevaa nguo kavu na umekula chakula cha moto. Habari za daftari zitafuata.

Kaka, saa 1:13 usiku
Nimevaa kavu, Mama, na nimekula ugali na maharage. Vidole vimerudi, isipokuwa kidole gumba cha kushoto bado kina ganzi kidogo.

Baba, saa 1:26 usiku
Marahaba, na pole kwa safari. Kipande cha Hifadhi ya Mikumi, takriban kilomita 50, hatukukihesabu kwa sababu tulikubaliana kabla hamjaondoka Dar es Salaam kwamba baiskeli zipakiwe garini kwa kuhofia wanyama. Hizi 14 hazikuwamo katika makubaliano yetu. Tumo watu 22 tulioahidi shilingi 500 kwa kila kilomita, hivyo tunazungumzia shilingi 154,000. Nangoja maoni ya wengine kabla sijaandika chochote.

Mama Mdogo, saa 1:34 usiku
Shemeji, mimi naona zihesabiwe. Fedha hizi ni za wodi ya watoto njiti, wala si zawadi ya mwendesha baiskeli, na mtoto asiye na kitanda cha joto hajui kama kilomita ilipigwa pedali au ilipandiwa gari.

Mjomba, saa 1:40 usiku
Barabara hiyo nimeipita na lori miaka mingi nikienda Tunduma, na niliyemwogopea zaidi ni huyu kijana alipokuwa Kitonga juzi, ambako malori yanayoshuka huwa yananuka breki na yanayopanda yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Kitonga aliipanda yote kwenye matope bila kushuka. Mtu wa namna hiyo akisema vidole vimekataa, mimi sina swali. Hata hivyo, sijawahi kuona mzigo ambao haukufika ukaandikwa kwamba umefika.

Shangazi, saa 1:52 usiku
Nimetoka zamu sasa hivi, mniwie radhi kwa kuchelewa. Mwanangu, umefanya vema kupanda gari, na usimruhusu mtu yeyote akakwambia vinginevyo. Kule kutetemeka kulikomwaga chai ndiyo njia ya mwili wa mtu mzima kutengeneza joto. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hawezi kutetemeka hivyo, na mafuta ya kumtunzia joto chini ya ngozi ni haba mno. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 tunaanza kuhangaika, naye halii kwa nguvu. Ananyamaza, ananyonya kidogo, miguu inakuwa baridi. Ndiyo maana tunamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na soksi, usiku na mchana. Wodi mnayoichangia ina akina mama wanaofanya hivyo wakiwa wawili katika kitanda kimoja. Leo umeionja baridi hiyo kwa muda wa saa moja.

Kaka, saa 2:03 usiku
Ahsante, Shangazi. Mama Mdogo, nakuheshimu sana, lakini watu walioahidi waliniamini mimi, na nikiandikiwa kilomita nisizozipita, mwakani nitawaombaje tena? Naomba hivi: kesho alfajiri dereva anirudishe mpaka kwenye kile kibanda, nianzie pale, kisha ndipo nielekee Makambako.

Mama, saa 2:06 usiku
Na mvua ikiwa kama ya leo?

Shangazi, saa 2:10 usiku
Wifi, akubali masharti yangu ndipo aende. Soksi na glavu kavu za akiba zifungwe kwenye mfuko wa plastiki na zikae kwake, zisikae garini. Kila kilomita 10 asimame, aguse kidole gumba kwa kidole cha mwisho. Vikishindwa kukutana, apande gari bila mjadala.

Kaka, saa 2:12 usiku
Nimekubali yote.

Baba, saa 2:20 usiku
Basi nimeacha mstari mmoja wazi kwenye daftari. Mama Mdogo, kama hazitatimia, shilingi zako 7,000 za kilomita hizo unaweza kuzitoa kama mchango wako wa hiari, nami nitaziandika kwenye ukurasa mwingine.

Mama Mdogo, saa 2:24 usiku
Nitazitoa kwa vyovyote, Shemeji. Ziandike huko huko.

Kaka, saa 12:40 asubuhi
Shikamooni. Nipo kibandani. Ni manyunyu tu, ukungu upo, na pumzi yangu naiona. Mama wa jana amenicheka, kisha akanipa hindi la moto nilishike kwa mikono miwili kabla sijavaa glavu. Kidole gumba kimegusa kidole cha mwisho. Baba, anza kuandika.