Nalazimishwa kulaza wagonjwa kwenye karatasi, naomba ushauri

Habari zenu wadau. Nafanya kazi ya kuandaa madai ya malipo kwa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Huu ni mwezi wangu wa saba kazini.

Wiki jana alikuja mama na mtoto mwenye kikohozi. Alipewa dawa ya maji, nikamwona kwa macho yangu akipanda matatu kabla ya saa sita. Ijumaa nikaletewa faili lake: amelazwa siku tatu, ametundikiwa dripu, sahihi ya daktari ipo. Alama ya kidole alikuwa ameshaweka mapokezi, maskini, akidhani ni ya kujiandikisha tu. Nikauliza. Msimamizi akacheka: "Wewe tuma, SHA wenyewe wanachelewa kulipa."

Kuchelewa ni kweli, sikatai. Lakini hizo ni pesa za watu, asilimia 2.75 ya mshahara wangu pia imo humo! Na madai yanatoka kwa akaunti yangu, jina langu. Wakaguzi wakija, nani atafungwa pingu, mimi au mwenye hospitali?

Nina kodi na mdogo wangu yuko kidato cha tatu, kwa hivyo kuacha kazi kesho siwezi. Je, nikikataa kwa barua pepe, itanikinga? Nakala za faili nikizitoa, si nitashtakiwa kwa siri za wagonjwa? Na niripoti wapi kwanza, SHA, baraza la madaktari, ama DCI (polisi wa upelelezi)? Waliowahi kupitia haya, tafadhali.