Soko limechafuka: nibakize nini, niuze nini kwenye akaunti yangu?

Mama Wawili

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo yenu, maana kila nikifungua akaunti naona nyekundu tupu na usingizi umeanza kunipaa.

Mimi ni mkunga. Mshahara unaingia kila mwezi, kwa hilo namshukuru Mungu. Akaunti ya uwekezaji nilifungua mwenyewe, haina meneja, ninachagua mwenyewe cha kununua. Karibu nusu ya fedha iko kwenye mfuko wa fahirisi, yaani unaofuata kipimo cha soko zima, wenye hisa za kampuni za dunia nzima. Robo hivi iko kwenye mfuko wa hatifungani (hati za kuikopesha serikali kwa riba) za muda mrefu. Iliyobaki ni hisa za kampuni moja moja: benki, shirika la ndege na kampuni ya programu za kompyuta. Halafu kuna kipande kidogo cha ule mfuko unaoahidi mara 3 ya mwendo wa fahirisi.

Kijana wangu mkubwa anaingia chuo baada ya miaka miwili na ada yake imo humohumo.

Hisa ya ndege ndiyo imeporomoka kuliko zote, zaidi ya nusu. Mwenzangu kazini ananiambia hiyo ndiyo ya kuongeza sasa, ikirudi ilikotoka nimepata mara mbili. Mwingine anasema niuze kila kitu, nikae na taslimu, soko likitulia nirudi. Na ile benki sasa inaonyesha gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, la asilimia 11 kwa mwaka, nimeitazama mara mbilimbili. Mnachaguaje katika hali hii?

Kaa Pembeni

Mama, uza. Taslimu haishuki usiku ukiwa umelala. Mimi nimetoka zamani, nasubiri hali itulie ndipo niingie tena.

Mkaguzi

Mama Wawili, pole kwa presha. Kazi yangu ni kukagua mahesabu ya kampuni, kwa hiyo nitakujibu kwa jicho hilo na nitakuwa mrefu kidogo.

Wote mnazungumzia bei imeshuka kiasi gani. Mimi soko likichafuka naanza na swali jingine: ni nani hapa anayeweza kulazimishwa kuuza? Bei mbaya humwumiza anayelazimika kuuza kwa bei hiyo. Asiyelazimika ana muda. Pitia kila kilichomo kwa swali hilo, ukianza na wewe mwenyewe.

Wewe una mshahara, hilo ni jambo kubwa. Lakini ada ina tarehe, na chuo hakisubiri soko. Fahirisi ya S&P 500, ile ya kampuni kubwa za Marekani, ilifika kileleni Oktoba 2007, ikaporomoka kwa karibu asilimia 57 hadi Machi 2009, na haikurudi ilipokuwa mpaka 2013. Aliyekuwa na ada ya mwaka 2009 ndani ya mfuko wa hisa aliuza sakafuni. Aliyekuwa na fedha ya uzeeni kwenye mfuko uleule alikaa na akarudishiwa. Kwa hiyo ada ya miaka miwili ijayo isikae kwenye hisa. Ielekeze kwenye amana ya benki au hatifungani fupi zinazoiva kabla ya siku ya kulipa. Kile unachoweka kila mwezi kiende huko kwanza, ili upunguze kiasi utakachohitaji kuuza kwa bei za sasa. Pengo likibaki, lizibe kwa kuuza, hata kama inauma.

Sasa shirika la ndege. Usiangalie mchoro wa bei. Fungua taarifa ya fedha ya mwaka, nenda nyuma kwenye maelezo ya mikopo. Pale kuna jedwali linalosema kampuni inadaiwa kiasi gani ndani ya mwaka mmoja, kiasi gani mwaka wa pili, na kuendelea. Ongeza malipo ya kukodi ndege, maana mashirika mengi hayamiliki ndege zote yanazorusha. Jumla hiyo ilinganishe na taslimu iliyopo pamoja na mkopo ambao benki zimekubali kutoa lakini bado haujachukuliwa. Taslimu ikizidi madeni ya miezi 24, kampuni inaweza kusubiri kama wewe. Isipotosha, yenyewe ndiyo italazimishwa, na ikilazimishwa wenye hisa ndio wanaolipa.

Mfano uko wazi kabisa. Kampuni ya meli za watalii ya Carnival mwanzoni mwa 2020 hisa yake ilikuwa karibu dola 50. Meli zikasimama, gharama hazikusimama. Mwanzoni mwa Aprili mwaka huo ikauza mamilioni ya hisa mpya kwa dola 8 kila moja, na juu yake ikakopa kwa riba ya asilimia 11.5. Aliyesema “imeshuka mno, lazima irudi” hakuhesabu kwamba keki ileile sasa inakatwa vipande vingi zaidi. Mwaka 2022, wakati fahirisi ya soko zima ilikuwa juu sana kuliko sakafu ya 2020, hisa hiyo ilikuwa imeshuka hata chini ya zile dola 8.

Kwa hiyo hesabu ya mwenzako kazini ina tundu. Ni kweli kilichoshuka nusu kinahitaji kupanda mara mbili ili kirudi. Lakini kampuni ikilazimika kuongeza hisa zake mara mbili, inaweza kurudia thamani yake yote ya zamani na hisa yako moja ikabaki nusu.

Ile benki. Hiyo asilimia 11 ni gawio la mwaka uliopita likigawanywa kwa bei ya leo. Bei ikishuka nusu, asilimia inajiongeza mara mbili kwenye skrini bila benki kutoa hata senti ya ziada. Na benki zina jambo la pekee: msimamizi anaweza kusema msigawe. Machi 2020 Benki Kuu ya Ulaya ilizitaka benki zilizo chini yake zisilipe gawio, na magawio yaliyokuwa yanasubiriwa yakasimama. Kwa benki mimi huangalia mtaji wake, yaani fedha yake yenyewe ya kubeba hasara, umezidi kwa kiasi gani kiwango cha lazima, na wenye amana ni watu wa aina gani. Amana ndogondogo za watu wengi zenye bima hazikimbii haraka. Amana chache kubwa zinakimbia kwa siku moja, na hapo benki inalazimika kuuza hatifungani zake kwa hasara. Silicon Valley Bank ya Marekani ilianguka hivyo Machi 2023.

Kampuni ya programu pengine haina deni kubwa na wateja wake wanalipa kwa mikataba ya mwaka, hivyo haitalazimishwa. Hapo hatari ni bei uliyonunulia. Cisco, watengenezaji wa vifaa vya mtandao wa Marekani, mwaka 2000 ilikuwa kampuni imara, na imebaki hai inatengeneza faida, lakini aliyenunua kileleni mwaka ule alingoja zaidi ya miaka 20 hisa irudie bei ile.

Ule mfuko wa mara 3 utoke leo. Wenyewe unalazimishwa kila siku, ndivyo ulivyoundwa: unanunua soko likipanda na kuuza likishuka ili ahadi ya mara 3 ya siku moja itimie. Fanya hesabu kwa kidole. Fahirisi iko 100, inashuka hadi 90, kesho inarudi 100. Mfuko wako umeshuka asilimia 30 hadi 70, kisha umepanda asilimia 33.3, umefika 93 na kitu. Soko limerudi lilipokuwa, wewe hujarudi. Rudia hilo kwa wiki kadhaa za mtikisiko uone kinachobaki.

Mfuko wa dunia nzima ubakize. Kampuni zikifa humo ndani zinatoka, nyingine zinaingia, na hakuna anayekushurutisha.

Riba Inapanda

Mkaguzi amemaliza mengi ila ameruka hatifungani, na hapo ndipo wengi wanaamini wako salama. Mama, angalia kwenye karatasi ya maelezo ya mfuko wako kuna kipimo kinachoandikwa kwa miaka, kinachoonyesha mfuko unavyoguswa na riba. Riba mpya ikipanda, hatifungani za zamani zenye riba ndogo hupoteza thamani. Kama kipimo ni 7, riba ikipanda kwa asilimia 1 mfuko unashuka karibu asilimia 7. Kama ni 17, unashuka karibu 17.

Mwaka 2008 watu walikimbilia hatifungani za serikali ya Marekani na zikapanda wakati hisa zinaporomoka. Mwaka 2022 mfumuko wa bei ulikuwa juu, benki kuu yao ikapandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 4, na hatifungani za muda mrefu zikashuka hata kuliko hisa. Kwa hiyo jiulize hofu ya safari hii ni ya uchumi kusinyaa au ya bei kupanda. Ukiwa hujui, kama sisi wengi, hamia hatifungani za muda mfupi.

Kaa Pembeni

Bado sijaona sababu ya kubaki humo. Japani je? Nikkei, fahirisi ya hisa zao, ilifika kileleni Desemba 1989 na ikavuka kilele hicho Februari 2024. Miaka 34! Nani ana miaka hiyo?

Mkaguzi

Ndugu, mfano huo ni wa kweli na napenda umeuleta, kwa sababu unamlinda mama dhidi ya kosa la kuweka kila kitu kwenye nchi moja iliyonunuliwa kwa bei za juu mno. Yeye ana mfuko wa dunia nzima. Hata hivyo usiache kuhesabu magawio ya miaka yote hiyo, wala mtu aliyekuwa akinunua kidogokidogo bei zikiwa chini.

Kuhusu kusubiri kutulia: soko halitangazi. Mwaka 2020 S&P 500 ilishuka karibu asilimia 34 kuanzia Februari 19 hadi Machi 23. Habari za Machi 23 zilikuwa za kutisha na ziliendelea kutisha miezi iliyofuata. Agosti 18 ikafunga juu ya kilele cha Februari. Aprili 2025, baada ya tangazo la ushuru la Marekani, ilishuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku mbili. Aprili 9 ikapanda asilimia 9.5 kwa siku moja. Anayerudi “hali ikitulia” huwa ananunua baada ya siku kama hiyo. Taslimu ninaipenda sana kwa fedha yenye tarehe. Kwa fedha isiyo na tarehe, mfumuko wa bei unaila polepole na mtu haoni.

Mnunuzi wa Asubuhi

Niongeze dogo kwa mama kabla hajabonyeza kitufe. Usiuze kwa oda ya bei yoyote, hasa dakika za kwanza za soko. Agosti 24, 2015 soko la Marekani lilipofunguliwa, fahirisi yao ya Dow ilishuka zaidi ya pointi 1,000 muda mfupi tu, na mifuko ya fahirisi inayouzwa sokoni ikauzwa kwa bei iliyo chini sana ya thamani ya hisa zilizomo ndani. Walioweka oda ya bei yoyote, au oda inayojiuza yenyewe bei ikigusa kiwango fulani, waliuziwa kwa bei hizo. Weka oda yenye kikomo cha bei, isiyouza chini ya bei uliyotaja, na subiri soko liwe limefunguka kwa muda.

Mama Wawili

Ndugu zangu asanteni sana. Mfuko wa mara 3 nimeuza kwa oda ya kikomo kama nilivyoelekezwa. Kipimo cha mfuko wa hatifungani nimekikuta ni 16, nimeshtuka kweli, sikujua.

Taarifa ya shirika la ndege nimeisoma baada ya zamu ya usiku. Jedwali nimelipata. Madeni ya mwaka mmoja pamoja na kukodi ndege yanazidi taslimu yao. Lakini chini wameandika kuna mkopo wa benki ambao hawajauchukua, na ukiujumlisha inatosha. Je, hapo niseme wako salama? Na Mkaguzi, nikiuza hii kwa hasara nitaweza kuirudia?

Mkaguzi

Umesoma vizuri, mama. Wengi huishia kwenye ukurasa wa faida. Sasa shuka mistari michache chini ya huo mkopo utafute masharti yake. Mara nyingi benki huweka kwamba deni lisizidi kiasi fulani cha mapato, au taslimu isishuke chini ya kiwango fulani. Mapato yakianguka, sharti linavunjika na mkopo unaweza kufungwa wakati uleule unapohitajika. Angalia pia tarehe ya kuisha kwa mkataba. Kama unaisha ndani ya miezi 12, usiuhesabu kabisa.

Kama masharti ni magumu, uza, na fedha hiyo iende kwenye pengo la ada. Bei uliyonunulia isikushike. Kampuni haiijui. Kama ni mepesi na mkataba una miaka mbele, bakiza usiongeze. Kuhusu kuirudia, unaweza wakati wowote, ila kabla ya kuuza kagua kanuni za kodi zinazokuhusu, maana kuna mahali ukiuza kwa hasara na kununua hisa ileile ndani ya muda fulani, hasara hiyo hairuhusiwi kupunguza kodi.

Hatifungani za 16 hamishia zile za muda mfupi, anza na kiasi cha ada. Masharti ya mkopo ukiyapata yaandike hapa kama yalivyo tuyasome pamoja, lugha yake huwa nzito.