Kamati ya shule Tanga: wagombea waje na vyama?

Mzazi_Ngamiani: Wakuu, mkutano wa wazazi umekaribia. Wapo wanaotaka wagombea wa kamati wasimame kwa vyama, kama wenyeviti wa mitaa. Mnaonaje?

Mwl_Chumbageni: Hapana. Mwenyekiti wa mtaa hupitia chama kwa kuwa sheria yetu haina mgombea binafsi. Kamati ni ya wazazi, na mwalimu mkuu ni katibu. Kinachoharibu hasa ni kura ya kunyoosha mikono: mtu humtazama balozi wa nyumba kumi kwanza, ndipo mkono unapanda. Gongeni muhuri wa shule kwenye vikaratasi, kimoja kwa kila aliyesaini daftari. Hesabuni palepale, kila kikaratasi kikiinuliwa watu wakione.

Pwani_Huru: Kuficha chama hakukiondoi. Marekani bodi nyingi za shule huchaguliwa bila vyama. Florida mwaka 2024 walipiga kura kuvirudisha, wakapata kama asilimia 55. Kizingiti ni 60, hivyo haikupita. Jina la chama humsaidia asiyewajua wagombea.

Mwl_Chumbageni: Huko wilaya moja ya shule ina maelfu ya wapiga kura. Hapa tunajuana kwa sura. Kila mgombea aulizwe: mapato na matumizi ya ruzuku utayabandika lini ubaoni?